Kabla ya Ashe kulikuwa na Althea Gibson

Kuna hii stori inarudiwa miaka nenda rudi, eti mtu mweusi wa kwanza kubeba Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, ni Arthur Ashe, 1975. Hapana jamani. Ashe ni mwanaume mweusi wa kwanza, basi. Althea Gibson, binti aliyekulia Harlem, New York, alishabeba 1957 na kombe akakabidhiwa na Malkia Elizabeth mwenyewe, 1958 akarudi akabeba tena, na miaka yote hiyo miwili akachukua na ubingwa wa Marekani, halafu ule wa Ufaransa alikuwa ameshaumaliza tangu 1956.

Na hata kuingia tu uwanjani ilikuwa vita, mashindano ya taifa ya Marekani yalimfungulia mlango 1950 baada ya Alice Marble, bingwa wa zamani, mzungu, kuwachana wenzake hadharani kwenye jarida la tenisi.

Wengine wanadhani alitajirika. Wapi! Tenisi kubwa enzi hizo ilikuwa ya ridhaa, kikombe unapewa hela hupewi, ndo maana akaishia kucheza mechi za maonyesho kabla ya gemu za timu ya kikapu ya Harlem Globetrotters, na 1964 akaingia gofu ya kulipwa, huko nako mwanamke mweusi wa kwanza.