Je, wajua kwa nini serikali huru haiombi radhi kwa filamu ya kejeli?

Mwezi Juni 2014 Wizara ya Mambo ya Nje ya Korea Kaskazini ilitoa tamko kali juu ya filamu ya vichekesho ambayo ilikuwa bado haijaonyeshwa popote. Filamu hiyo, The Interview ya studio ya Sony Pictures, inamhusu mtangazaji wa televisheni wa Marekani na mtayarishaji wake wanaopata nafasi adimu ya kumhoji Kim Jong Un, kisha shirika la ujasusi la CIA likawatuma wamuue. Pyongyang ilisema kuiachia filamu hiyo itoke ni kitendo cha vita, na ikaahidi kujibu bila huruma. Balozi wake katika Umoja wa Mataifa naye alimwandikia Katibu Mkuu Ban Ki-moon kulalamika kwamba Marekani inaunga mkono ugaidi.

Malalamiko hayo hayakuelekezwa kwa mwandishi wa filamu, wala kwa waigizaji. Yalielekezwa kwa serikali ya Marekani, ambayo haikuandika mstari hata mmoja wa filamu ile. Kwa nini? Kwa sababu Korea Kaskazini filamu ni kazi ya dola. Hakuna picha inayofika kwenye pazia la sinema bila wakubwa kuridhia, kwa hiyo anayeishi ndani ya mfumo huo huona kwamba ukimya wa Washington ni idhini ya Washington.

Nimefuatilia migogoro ya namna hii kwa muda, na kila nikirudi kwenye kumbukumbu zake naona jambo lile lile: filamu peke yake huharibu uhusiano wa nchi mbili mara chache mno. Kinachouharibu ni pale serikali inapoonekana kuwa mwenye filamu, kwa kuwa ndiyo iliyoipa kibali, au ndiyo yenye mamlaka ya kuizuia ikaamua kutoyatumia. Uhuru wa kujieleza haumlindi msanii tu. Unamlinda na balozi pia, kwa sababu anaweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba serikali yake haina mkono katika jambo hilo.

Tuimalize kwanza habari ya The Interview. Tarehe 24 Novemba 2014 wafanyakazi wa Sony waliwasha kompyuta zao wakakuta zimevamiwa. Wadukuzi waliojiita Walinzi wa Amani walimwaga mtandaoni barua pepe za wakubwa wa studio, taarifa za mishahara na filamu ambazo zilikuwa hazijatoka. Katikati ya Desemba wakatishia majumba ya sinema huku wakiwakumbusha watu mashambulizi ya Septemba 11. Kampuni kubwa za sinema zikajitoa, na Sony ikafuta uzinduzi uliopangwa siku ya Krismasi. Desemba 19 FBI ilitangaza kwamba Korea Kaskazini ndiyo iliyohusika, na siku hiyo hiyo Rais Obama akasema wazi kwamba Sony ilikosea: haiwezekani dikteta wa mahali fulani aanze kuamua nini kionyeshwe ndani ya Marekani. Sony ikageuza uamuzi, filamu ikatoka kupitia intaneti na katika majumba madogo yapatayo 300. Januari 2015 Marekani iliweka vikwazo vipya dhidi ya taasisi 3 na watu 10 wa Korea Kaskazini.

Vikwazo hivyo vililetwa na udukuzi na vitisho, si na vichekesho. Uhusiano wa kibalozi kati ya nchi hizo mbili nao haukuvunjika, kwa maana haukuwapo tangu mwanzo.

Siyo kwamba Hollywood ilikuwa na ujasiri huo siku zote. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, iliamua kwamba sinema ni biashara tu na haistahili kinga ya uhuru wa kusema wanayopewa waandishi wa magazeti. Uamuzi huo ulidumu hadi 1952. Katikati ya miaka hiyo, kwa kuogopa bodi za ukaguzi za majimbo, studio zilijiwekea kanuni zao wenyewe mwaka 1930, na kuanzia 1934 zikamkabidhi Joseph Breen kazi ya kuzisimamia. Kanuni hizo zilikuwa na kipengele kuhusu mataifa mengine: historia yao, taasisi zao na watu wao mashuhuri wasionyeshwe vibaya.

Kipengele hicho kinasikika kama adabu njema. Lakini kilifungua mlango ambao Ujerumani ya Hitler iliingia nao bila kubisha hodi. Tangu 1933 Los Angeles ilikuwa na balozi mdogo wa Ujerumani aliyeitwa Georg Gyssling, ambaye kazi yake kubwa ikawa kufuatilia studio. Nyuma yake alikuwa na sheria ya kwao ya mwaka 1932: kampuni itakayosambaza popote duniani filamu inayoidhalilisha Ujerumani ingeweza kunyimwa ruhusa ya kuingiza filamu zake zote nchini humo. Gyssling aliomba sehemu zikatwe, zikakatwa. Mwaka 1937 alifika hadi kuwaandikia barua waigizaji wenyewe, akiwaonya kwamba wakishiriki katika filamu asiyoitaka, kazi zao zijazo zinaweza kupigwa marufuku Ujerumani. Hapo hata Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ililalamika.

Je, unyenyekevu huo ulinunua amani? La. Kila kilichokatwa kilizaa ombi lingine, na kufikia mwaka 1940 Ujerumani ilikuwa imezifungia studio za Marekani soko lake hata hivyo. Hili linaniuma kila nikilisoma, kwa sababu hiyo ndiyo miaka ambayo watazamaji walihitaji zaidi kuonyeshwa kilichokuwa kikiendelea Berlin, na wenye uwezo wa kuwaonyesha walikuwa wakipima hasara ya tiketi.

Aliyejitoa katika mstari huo ni Charlie Chaplin. Kwa pesa zake mwenyewe, akiwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyosambaza filamu yake, alitengeneza The Great Dictator. Humo anaigiza dikteta Adenoid Hynkel wa nchi ya kubuni ya Tomainia, na hakuna mtazamaji aliyeshindwa kujua ni nani anayesemwa. Wakati wa maandalizi serikali ya Uingereza, iliyokuwa bado ikijaribu kumtuliza Hitler, iliashiria kwamba filamu hiyo isingeonyeshwa nchini mwake. Upigaji picha ulianza Septemba 1939, siku chache baada ya Uingereza hiyo hiyo kutangaza vita. Filamu ilipotoka Oktoba 1940, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani, Waingereza waliipokea kwa mikono miwili. Kilichobadilika si filamu, ni sera. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1964 Chaplin aliandika kwamba laiti angejua ukatili halisi wa kambi za mateso, asingeweza kuitengeneza. Maneno hayo ni ya mtu mkweli, na ni vizuri kila mtetezi wa kejeli ayakumbuke: kuna maovu ambayo kicheko hakiyafikii.

Sasa tuje Ujerumani ya leo, ambako somo lilijirudia kwa upande mwingine. Machi 2016 kipindi cha kejeli cha televisheni kilirusha wimbo wa kumdhihaki Rais Recep Tayyip Erdoğan. Uturuki ikamwita balozi wa Ujerumani mjini Ankara kujieleza. Wiki mbili baadaye mchekeshaji Jan Böhmermann alisoma katika kipindi chake shairi lililojaa matusi mazito juu ya Erdoğan, akidai anawaonyesha watazamaji tofauti kati ya kejeli halali na tusi lisiloruhusiwa. Ulikuwa wakati mbaya, kwani Umoja wa Ulaya ulikuwa umetoka tu kukubaliana na Uturuki kuhusu wakimbizi.

Ujerumani ilikuwa na kifungu cha 103 katika sheria yake ya jinai: kumtusi kiongozi wa nchi ya kigeni ni kosa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3. Ila mashtaka hayawezi kuendelea bila nchi iliyotukanwa kuomba na serikali ya Ujerumani kuridhia. Kifungu hicho kiliandikwa kulinda urafiki wa mataifa, lakini kikamtia Kansela Angela Merkel kwenye kona. Akiridhia, amemuuza msanii wake. Akikataa, ametangaza kwa niaba ya dola kwamba tusi lile ni sawa. Tarehe 15 Aprili aliridhia, na papo hapo akatangaza kwamba kifungu kitafutwa. Oktoba mwaka huo waendesha mashtaka wa Mainz waliifunga kesi, na kuanzia Januari 2018 kifungu cha 103 hakipo tena.

Erdoğan hakuachwa bila njia. Alikwenda mahakamani Hamburg kama mtu mwingine yeyote aliyevunjiwa heshima, na mahakama ikapiga marufuku sehemu kubwa ya shairi. Naona hiyo ndiyo njia sahihi. Kiongozi ana heshima yake kama binadamu, lakini hastahili heshima ya ziada kwa sababu tu ana jeshi na ubalozi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuwa imeshasema jambo la namna hiyo mwaka 2002, katika kesi ya gazeti la Le Monde lililoadhibiwa Ufaransa kwa habari iliyomgusa Mfalme Hassan II wa Morocco. Miaka miwili baadaye Ufaransa ikaifuta sheria yake iliyofanya kumtusi kiongozi wa kigeni kuwa kosa.

Nchi inayodhihakiwa nayo ina uchaguzi wa kufanya. Kazakhstan ilitishia kumshtaki mwigizaji wa Borat, mwandishi wa habari wa kubuni wa nchi hiyo, mwaka 2005, kabla filamu yake ya vichekesho haijatoka. Mwaka 2012 waziri wake wa mambo ya nje aliliambia bunge kwamba maombi ya viza yameongezeka mara kumi na akaishukuru filamu ile, na mwaka 2020 bodi ya utalii ya nchi hiyo ikachukua msemo wa mhusika mkuu ukawa kaulimbiu yake. Hata hivyo sipendi mfano huo ugeuzwe jibu la kila kitu. Borat haikumdhihaki mtawala mwenye nguvu, iliwachora watu wa kawaida wa nchi ambayo watazamaji wengi hawakuijua, na waliotukanwa hivyo wana haki ya kukasirika. Kejeli ninayoitetea kwa moyo wote ni ile inayomlenga mwenye madaraka.

Na kumwonyesha kiongozi aliye hai, kwa jina lake halisi, akiuawa? Hapa nasita. Barua pepe zilizovuja za Sony zinaonyesha kwamba hata mkuu wa kampuni mama huko Japani, Kazuo Hirai, aliomba sehemu ya kifo cha Kim ipunguzwe ukali. Chaplin alibuni jina na nchi, akamchoma mlengwa wake vilivyo bila kumwaga damu yake. Lakini kusita kwangu ni kwa mtazamaji anayeipima kazi ya sanaa. Si sababu ya kumpa waziri mkasi.

Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulijali hili. Kenya na Tanzania filamu haionyeshwi hadharani bila kupita kwenye bodi ya serikali. Maana yake ni kwamba siku mtengeneza filamu wa Nairobi au Dar es Salaam atakapomchekesha mtu kwa kumwigiza rais wa nchi jirani, balozi wa nchi hiyo atakuwa na swali la haki kabisa: mbona mmeipitisha? Serikali haitaweza kusema haihusiki, kwa kuwa muhuri wake upo. Kwa hiyo njia rahisi kwa bodi ni kukataa, na msanii akijua hilo hataandika kabisa.

Kenya, juu ya hayo, ina kifungu cha 67 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa sheria za kikoloni, kinachofanya kuwa kosa kuchapisha maandishi au picha ya kumdhalilisha mtawala, balozi au kiongozi wa kigeni kwa nia ya kuvuruga urafiki wa nchi hizo mbili. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Nairobi ilifuta kosa la jinai la kashfa dhidi ya mtu wa kawaida, ikisema linakiuka Katiba. Bunge lingemalizia kazi hiyo kwa kukifuta na hiki cha 67, kabla waziri wa Nairobi hajajikuta kwenye kona aliyokuwamo Merkel.