Umama na umalaika katika uchoraji wa kiakademia wa Ufaransa

Neno "kiakademia" hapa halihusu chuo kikuu wala tasnifu. Uchoraji wa kiakademia ni ule uliofuata kanuni za Académie des Beaux-Arts, taasisi ya sanaa ya Paris, ukafundishwa katika shule ya sanaa ya École des Beaux-Arts na kuoneshwa kwenye maonesho makubwa yaliyoitwa Salon. Mwanafunzi alianza na sanamu za plasta, ndipo akaruhusiwa kuchora mtu hai. Picha iliyokamilika haikutakiwa kubaki na alama ya brashi, na ngozi ililainishwa mpaka ikafanana na kaure.

Mojawapo ya mada zilizopendwa sana humo ni mama na mtoto, pamoja na kile Wafaransa wanachokiita innocence. Asili yake ni Kilatini, yaani hali ya asiyedhuru. Tukisema "kutokuwa na hatia" tunaishia mahakamani. Kilicho karibu zaidi ni tunachomwita kichanga: malaika.

Tazama L'Innocence ya mchoraji Mfaransa William-Adolphe Bouguereau, ya mwaka 1893. Mwanamke kijana aliyevaa nguo nyeupe amembeba mtoto aliyelala, na pamoja naye mwanakondoo. Jina la picha halimtaji Bikira Maria, lakini aliyekulia kanisani hahitaji kuambiwa. Anajua pia kwamba Mwanakondoo wa Mungu ni wa kutolewa sadaka. Kwa hiyo utulivu ule una kivuli cha kifo, na hapo ndipo wanaoziita picha hizi peremende tupu wanapokosea, kwa maoni yangu.

Bouguereau alikijua kifo hicho. Mwanawe Georges alifariki 1875, naye mwaka uliofuata akachora Pietà, Maria akiwa amempakata Yesu aliyekufa. Mwaka 1877 akafiwa na mkewe Nelly, kisha na mtoto wao mchanga. Mwaka huohuo alichora Vierge consolatrice, yaani Bikira mfariji: mama amejiangusha kwenye magoti ya Maria, na mtoto wake amelala chini, hana uhai.

Wanunuzi, wengi wao matajiri wa Marekani, walipenda zaidi zile tulivu: mama wa kijijini, miguu peku, nyayo safi ajabu kwa mtu anayeishi shambani. Nje ya fremu mambo yalikuwa mengine. Tangu mwanafalsafa Rousseau alipochapisha Émile, kitabu chake kuhusu malezi, mwaka 1762, akina mama walikuwa wakihimizwa kunyonyesha wenyewe, lakini karne moja baadaye watoto wengi wa Paris bado walipelekwa vijijini kwa wanawake waliolipwa kuwanyonyesha. Vifo vyao vilikuwa vingi kiasi kwamba mwaka 1874 ikapitishwa sheria, inayojulikana kama ya Roussel, ya kuwasimamia walezi hao. Umama wa kwenye Salon ulikuwa matamanio zaidi kuliko taarifa.

Mwaka uleule wa 1893, Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Ufaransa na kuonesha kazi zake pamoja na wachoraji wa impreshonisti, walioacha alama za brashi zionekane, alimchora mwanamke aliyevaa gauni la mistari akimwosha mtoto. Hakuna mwanakondoo. Kuna beseni, jagi la maji, na mkono wa mtu mzima ukisugua mguu mdogo.