Je, wajua kwa nini mchezo wa kuigiza mtandaoni unaweza kumfikisha mtu kwenye debe la kura?

Msimuliaji akisema "Paukwa!" na watoto wasiitikie "Pakawa!", hakuna hadithi. Sharti hilo wengi wetu tulilijua kabla ya kujua kusoma: hadithi ina pande mbili, na upande mmoja ukinyamaza imekufa. Nimeanzia hapa kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza watu hulidhani la kigeni, la wenye kompyuta na intaneti ya kasi. Ni mchezo wa kuigiza unaochezwa kwenye simu, ambao mtazamaji anaruhusiwa kuusimamisha, kuingia ndani na kuubadilisha. Lengo lake ni kuwafanya watu wazungumzie mambo ya nchi yao na, siku ikifika, wapige kura. Kwa nini kitu kama hicho kifaulu pale ambapo mabango na matangazo ya redio yameshindwa?

Maana yameshindwa. Mwaka 2013, karibu asilimia 86 ya Wakenya waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2022 daftari lilikuwa na majina 22,120,458, na waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65 tu. Hao waliobaki nyumbani hawakukosa habari. Tarehe 9 Agosti, siku ya uchaguzi, ilitajwa kila kona ya nchi hadi watoto wakaikariri. Kilichokosekana ni kitu kingine, na nadhani mchezo unakigusa.

Fikiria Jumamosi, saa mbili usiku. Watu thelathini hivi wameingia kwenye mkutano wa video. Mmoja yuko Kayole, mwingine Kangemi, mwingine amekwama kwenye matatu Mombasa Road na kamera ameizima. Waigizaji watatu wanaanza. Mama anauza chapati na maharagwe kibandani. Mwanawe wa miaka ishirini na miwili ameketi kando, macho kwenye simu. Anafika mpambe wa mtu anayewania kiti cha mwakilishi wadi, anamsalimu mama kwa heshima tele, anaagiza chapati mbili, kisha anaisukuma noti ya shilingi mia mbili chini ya kopo la sukari. Anachotaka ni namba ya kitambulisho tu, "tuwakumbuke baadaye." Mama anasita. Kodi ya nyumba haijalipwa. Kijana, bila kuinua kichwa, anasema, "Chukua tu, mathe. Mimi hata sipigi kura. Hao wote ni wale wale." Namba inaandikwa, mpambe anaondoka, na mchezo unaishia hapo, vibaya.

Ndipo kazi inapoanza. Mwezeshaji anasema mchezo utarudiwa tangu mwanzo, na yeyote anayeona mahali ambapo yeye angefanya vingine aandike "Simama", afungue maikrofoni na achukue nafasi ya mhusika. Mkazi wa Githurai anaingia kama yule kijana. "Mathe, usichukue hizo pesa." Mwigizaji wa mama anamgeukia: "Sawa. Na kodi utalipa wewe?" Kimya. Watu thelathini wanakisikia kimya hicho, na kila mmoja anaelewa kuwa mahubiri hayatoshi.

Mwingine anaingia kama mama: anachukua noti, ananyima namba. Hapo mjadala unawaka moto, maana wapo wanaoona huo ni ujanja mzuri, na yupo anayekumbusha kwamba kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, anayetoa hongo na anayeipokea wote wana hatia. Wa tatu haigusi noti kabisa. Anamuuliza mpambe: "Mtaro wa hapa nyuma umeziba tangu mvua za mwaka jana. Mtu wako ana mpango gani nao?" Mpambe anababaika. Kijana wa mchezoni, kwa mara ya kwanza, anainua macho kutoka kwenye simu.

Mchezo mzima unasimama juu ya kanuni moja: waigizaji hawaruhusiwi kulegea. Mpambe lazima akaze kama mpambe wa kweli, na mama lazima aikumbuke kodi yake. Wakimwachia mtazamaji ashinde kirahisi, inakuwa igizo la sherehe za shule, ambapo mlevi hutubu dakika ya mwisho na wazazi wakapiga makofi.

Aliyeuunda utaratibu huu ni Augusto Boal, mwongozaji wa Brazil aliyezaliwa 1931. Serikali ya kijeshi ya nchi yake ilimkamata na kumtesa mwaka 1971, akaenda uhamishoni. Miaka miwili baadaye alikuwa Peru, katika kampeni ya kufundisha watu wazima kusoma. Desturi yake wakati huo ilikuwa kuwaachia watazamaji wapendekeze suluhu, kisha waigizaji waicheze. Siku moja likachezwa tatizo la mwanamke aliyedanganywa na mumewe, na mama mmoja katika hadhira akapendekeza mke "azungumze na mume waziwazi" kabla ya kumsamehe. Waigizaji wakajaribu mara kadhaa, naye kila mara akazidi kukasirika, kwamba hawakumwelewa. Mwishowe Boal akamwambia apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Akapanda, akachukua ufagio na kumcharaza mwigizaji wa mume. Hapo ndipo Boal alipotambua kuwa neno la mtazamaji halibebwi na mdomo wa mtu mwingine. Tangu siku hiyo jukwaa likawa wazi kwa yeyote. Mwaka 1992 alichaguliwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, akautumia mtindo huohuo kukusanya mawazo ya wananchi mitaani, na sheria 13 zikapitishwa kutokana na kazi hiyo.

Lakini sisi tusijione kama wanafunzi tu wa Brazil. Mwaka 1977, Kamiriithu kule Limuru, mwendo mfupi kutoka Nairobi, wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa wa watu wapatao 2,000, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa lugha ya Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Wakulima na vibarua hawakukaa kupokea maneno. Waliwasahihisha waandishi lugha na maisha wanayoyajua wao. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa, na mwaka ulipoisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1982 polisi waliubomoa ukumbi wenyewe. Mtu akikuambia mchezo wa kuigiza ni burudani tu, muulize serikali ilikuwa inaogopa nini mbao na viti vya kijijini.

Sasa turudi kwenye kura. Kuna tafiti mbili za Marekani ninazozipenda kwa sababu zilipima watu halisi kwenye uchaguzi halisi. Mwaka 1998, katika mji wa New Haven, Alan Gerber na Donald Green walilinganisha njia za kuwahimiza watu wakapige kura. Waliobishiwa hodi na kuzungumziwa ana kwa ana walijitokeza zaidi kwa kiasi kinachoonekana. Waliopigiwa simu za kampuni hawakubadilika. Miaka kumi baadaye, kabla ya kura ya mchujo ya 2008 jimboni Pennsylvania, David Nickerson na Todd Rogers waliwapigia watu simu pia, ila baadhi wakawauliza maswali matatu madogo: utapiga kura saa ngapi, utakuwa unatoka wapi, na kabla ya hapo utakuwa unafanya nini. Miongoni mwa waliofikiwa kwa maswali hayo, waliojitokeza waliongezeka kwa takriban pointi 4 za asilimia. Kwa wale ambao nyumbani kwao ndio wapiga kura pekee, ongezeko lilikuwa karibu pointi 9. Ile simu ya kawaida ya "je, una nia ya kupiga kura?" haikuonyesha ongezeko la uhakika.

Tazama tofauti ilipo. Nia haikosekani, kinachokosekana ni mazoezi. Mtu aliyeisema safari yake kwa mdomo wake, hatua kwa hatua, ameshaitembea mara moja. Na mkazi wa Githurai aliyebanwa na swali la kodi akatafuta jibu mbele ya watu thelathini, siku mpambe wa kweli atakapofika kibandani kwa mama yake hatakuwa anaanza sifuri. Bango haliwezi kumfanyia mtu hivyo, kwa sababu bango halimjibu.

Lakini kwa nini mtandaoni, na si uwanjani? Sababu ya kwanza ya kihistoria ni corona. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na mwezi haukuisha kabla ya kafyu kuanza. Kumbi zikafungwa dunia nzima. Tarehe 7 Mei mwaka huo kundi la New York liitwalo Theater of War Productions lilisoma kupitia Zoom mchezo wa kale wa Sophocles kuhusu mfalme Oedipus na mji uliovamiwa na tauni, kisha likawafungulia watazamaji mjadala. Watu wakagundua kwamba hadhira ya mbali nayo huzungumza.

Kwetu ipo sababu nzito zaidi, nayo ni hofu. Baada ya uchaguzi wa 2007, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo, watu 1,133 waliuawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Katika ploti yenye nyumba ishirini na bomba moja la maji, mtu hujifunza kupima maneno. Jirani akijua unampigia nani kura, jina lako na kabila lako vinaanza kutembea. Ndiyo, tuna mahali pa mjadala wa wazi: Bunge la Mwananchi limekutana kwa miaka mingi chini ya miti ya bustani ya Jeevanjee Gardens jijini Nairobi, na ninaliheshimu sana. Lakini anayesimama pale ni mwenye kifua. Mama wa chapati hasimami pale. Mtandaoni anaweza kuingia kwa jina "Mama wa Kayole", kamera imezimwa, akacheza nafasi ya mpambe na kusema yale anayoyasikia kila siku bila mtu kumnyooshea kidole. Kinga ile ya kujificha nyuma ya mhusika, ambayo jukwaa limeitoa tangu zamani, simu imeiongeza maradufu.

Ufundi nao una mashaka yake. Katika mazungumzo ya kawaida, pengo kati ya mtu mmoja kunyamaza na mwingine kujibu ni wastani wa sehemu moja ya tano ya sekunde, na utafiti wa 2009 uliolinganisha lugha kumi kutoka mabara mbalimbali ulikuta mwelekeo huo kila mahali. Matangazo mubashara ya video huchelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine hata nusu dakika. Ukiandika "Simama" huko, mpambe ameshaondoka zamani. Ndiyo maana mchezo wa aina hii huhitaji mkutano wa video, ambao ucheleweshaji wake ni mdogo, na mkutano hula bando. Kwa wasio na bando ipo njia ya polepole ninayoiona inafaa zaidi mitaani: kipande cha sauti cha dakika tatu kinatumwa kwenye kundi la WhatsApp, kinakatika pale mama anapoulizwa namba, na kila mtu anajibu kwa sauti yake kabla ya kesho jioni. Moto wa papo kwa papo unapotea, ila anayejibu anapata usiku mzima wa kufikiri.

Kosa ninaloliona likija ni la ukubwa. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana wa Nairobi walizoea kukesha kwenye mijadala ya sauti ya mtandao wa X yenye maelfu ya wasikilizaji, na mwenye kufadhili mchezo atataka idadi kama hiyo. Lakini katika maelfu, wanaosema ni kumi, waliobaki ni masikio. Mchezo huu hufanya kazi kwa watu thelathini, kwa sababu thelathini wote wanaweza kufungua kinywa. Bora mikutano mia moja midogo kuliko mmoja wa kujivunia.

Na simu haiwezi kumaliza kazi. Uandikishaji wa wapiga kura, uliorejeshwa tarehe 29 Septemba 2025, unataka mtu afike mwenyewe na kitambulisho au pasipoti ili vidole vyake vichukuliwe alama, na uchaguzi ujao kikatiba ni tarehe 10 Agosti 2027. Kwa hiyo mwezeshaji mzuri hafungi mkutano kwa makofi. Anamuuliza kila mtu: lini, kwa gari gani, na mtoto atabaki na nani? Mkazi wa Githurai anasema Ijumaa, siku yake ya mapumziko, ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lake, na mtoto atabaki kwa jirani.

"Jirani anajua?"

"Bado. Ngoja nimgongee sasa hivi," anasema, na mraba wake kwenye kioo unakuwa mweusi.