Kavitesheni: kiputo kinachozaliwa na kufa ndani ya sauti

Bandika birika la maji jikoni, kisha tega sikio. Kabla maji hayajachemka, yanaanza kuvuma. Viputo vya mvuke vinazaliwa kwenye kitako cha birika penye moto, vinapanda, vinakutana na maji ambayo bado hayajapata joto, vinanywea ghafla na kutoweka. Mvumo ule ni sauti ya viputo vinavyokufa.

Kavitesheni ni jambo la jamii hiyohiyo, ila si lazima pawe na moto. Kinachoizaa ni mabadiliko ya mgandamizo. Wimbi la sauti likipita kwenye maji huyabana, kisha huyavuta. Likiwa na nguvu ya kutosha, yanapovutwa hufunguka viputo vidogo sana. Kila kiputo hukua kidogo kidogo kwa kila mvuto, mpaka kinashindwa kujishikilia na kuporomokea ndani. Kwa muda ulio mfupi maelfu ya mara kuliko kupepesa jicho, joto ndani yake hukadiriwa kufika nyuzi 5,000, huku maji yaliyokizunguka yakibaki vuguvugu. Hapo ndipo ninaposhangaa kila mara: tanuri limewaka na kuzimika ndani ya kikombe, na kidole chako hakijahisi kitu.

Si sauti peke yake: pangaboi la meli likizunguka kwa kasi nalo huyavuta maji na kuzaa viputo. Wa kwanza kulalamikia kavitesheni walikuwa wahandisi wa meli wa Uingereza, waliokuta mapangaboi yakipoteza nguvu na kulika kama chuma kilichotafunwa. Mwaka 1917 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alionyesha kwa hesabu jinsi kiputo kinachoporomoka kinavyozaa mgandamizo mkubwa kiasi hicho.

Leo viwanda vinaitafuta adha hiyohiyo kwa makusudi, kwa altrasaundi, yaani sauti ya mitetemo ya kasi ambayo sikio halisikii. Altrasaundi ya kumpimia mama mjamzito hutumia mawimbi ya mamilioni ya mitetemo kwa sekunde, kwa nguvu ndogo. Ya kiwandani hutetema taratibu zaidi, kuanzia kama mara 20,000 kwa sekunde, lakini kwa nguvu kubwa. Viputo vyake huvunjavunja matone ya mafuta kwenye maziwa ili malai yasipande juu, hupasua kuta za seli za majani na maganda ili rangi na mafuta yatoke upesi, na hudhoofisha vijidudu, hasa vikisaidiwa na joto kidogo. Kwa mkemia kuna la ziada: joto la kiputo huvunja hata molekuli za maji, na vipande vyake huwa na hamu kubwa ya kushika chochote kilicho karibu. Ndiyo maana mafuta ya kula yakitiwa altrasaundi kupita kiasi huchacha na kutoa harufu ya chuma.

Sasa ingia kwenye jicho. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyopata ukungu, na ndiyo sababu kuu ya upofu duniani. Daktari Charles Kelman wa New York alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, akisafishwa meno kwa kifaa cha altrasaundi, alipopata wazo la kuisaga lenzi kwa mtetemo na kuinyonya. Alimfanyia mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Badala ya mkato wa zaidi ya sentimita moja, leo hutosha milimita mbili au tatu.

Ni nini hasa kinachoisaga lenzi? Wengine husema ni ncha ya kifaa, ya chuma cha titani, inayogonga kama nyundo, wengine husema viputo navyo vina mkono. Mimi naona nyundo ndiyo yenye hoja nzito zaidi. Lakini madhara ya viputo yapo: vile vipande vya molekuli za maji vinaweza kujeruhi seli zilizotandaa upande wa ndani wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Kwa hiyo daktari hutandaza jeli ya kuzikinga, hupitisha maji ya kupoza, na mara nyingi huikata lenzi vipande kwa mkono kwanza ili altrasaundi iwashwe kwa muda mfupi. Afrika Mashariki madaktari wengi huitoa lenzi kwa mkono mwanzo mpaka mwisho, kupitia mkato mdogo usiohitaji hata mshono, bila mashine hiyo ya bei ghali, na wagonjwa wao huona vizuri.