Pip hakumuoa Estella jamani

Kuna meseji inazunguka miaka na miaka kwenye magrupu yetu ya huku Mbeya na Iringa, eti kwenye riwaya ya Great Expectations ya Charles Dickens, kijana Pip alivumilia dharau za Estella, msichana aliyempenda, mpaka akamuoa, so na wewe vumilia tu utapendwa. Sio kweli. Kitabu ni cha 1861, kipo bure mtandaoni, fungua sura ya 59, ya mwisho kabisa: wanakutana jioni pale ilipobomolewa nyumba alikolelewa Estella, ukungu unapanda, Estella anasema watabaki marafiki hata wakiwa mbali, wanashikana mikono wanatoka. Ndoa haipo.

Watu wanachanganya sababu Pip anamalizia kwa kusema haoni dalili ya kuachana tena, basi wanajazia harusi wenyewe. Na Estella hakuwahi kumdanganya, alimwambia wazi hana moyo, maana alilelewa na Miss Havisham, mama aliyeachwa siku ya harusi yake, akafundishwa kuumiza wanaume, halafu akaolewa na mwanaume anaitwa Drummle akateswa kweli, na mwenyewe anasema mateso ndo yaliyomfundisha, hasemi ni uvumilivu wa Pip.

Dada anayepigwa nyumbani hapo Mwanjelwa akisoma meseji ile anaweza kuendelea kukaa, inaniuma sana hii. Ikikufikia usiifowadi, na aliyekutumia mwambie taratibu asome hiyo sura ya 59.