Pitchfork na maksi zake: stori za watu na ukweli wenyewe

Wapenzi wa muziki wa Marekani wa miaka ya 2000, hasa wale wa bendi za indie (zile zinazojitegemea, zisizo na lebo kubwa), wana stori yao moja kwamba kulikuwa na tovuti ya rivyuu za albamu inaitwa Pitchfork, inatoa maksi kuanzia 0.0 mpaka 10.0, na hiyo peke yake ndio ilikuwa inaamua bendi gani itoke na ipi ikafie mbele. Nusu ya hiyo stori ni kweli kabisa. Nusu nyingine imetiwa chumvi, tena sio kidogo.

Dhana: ilikuwa kampuni kubwa yenye wataalamu waliosomea

Kampuni wapi! Ryan Schreiber aliianzishia nyumbani kwao Minneapolis katikati ya miaka ya 90, kijana katoka tu sekondari, hajawahi kuandikia gazeti lolote, mwaka 1999 akahamia nayo Chicago. Wengi waliomwandikia mwanzoni walikuwa vijana wenzake tu, hela yenyewe ya kubahatisha. Condé Nast, kampuni ya magazeti, hao wenye Vogue, waliinunua Oktoba 2015, yaani muongo wenyewe tunaoongelea ulishaisha kitambo.

Dhana: ukipigwa 0.0 umekwisha

Hapa ndio patamu. Mfano unaotolewa kila siku ni Travis Morrison, aliyekuwa muimbaji wa bendi ya The Dismemberment Plan, mwaka 2004 akatoa albamu yake mwenyewe inaitwa Travistan wakampa 0.0. Jamaa mwenyewe alikuja kusema watu walimgeuka usiku mmoja tu, jana wanamshangilia kwenye shoo leo wanajiuliza kama wanatakiwa hata kuwepo pale. Sawa, hiyo ilitokea.

Ila sasa mwangalie muimbaji Liz Phair, 2003, na yeye kapewa 0.0 hiyo hiyo, na albamu ikauza mpaka ikapata cheti cha gold (cha mauzo makubwa) na ngoma yake moja ikapigwa redioni nchi nzima. Au bendi ya Jet wa Australia, 2006, ambao hawakuandikiwa hata neno moja, kiliwekwa tu kivideo cha sokwe anajikojolea mdomoni basi, hiyo ndio rivyuu (mpaka leo sijui kama nicheke au niwaonee huruma). Lakini Jet walishatoka zamani, ngoma yao ilishapita kwenye tangazo la iPod, wasikilizaji wao wengi wala hawakuwa wanasoma Pitchfork.

Kwa hiyo sifuri ilikuwa inaua nani? Ilikuwa inamuua mtu wa ndani, yule ambaye mashabiki wake wote ndio haohao wanaofungua ile tovuti kila asubuhi. Ukiwa na redio, ukiwa na tivii, ukiwa na lebo kubwa nyuma yako, ulikuwa unasoma rivyuu yako unaendelea kunywa chai. Nickelback, bendi ya rock ya Kanada, wamesemwa na kila mtu mwenye kibodi na bado waliuza mamilioni.

Dhana: Arcade Fire walitengenezwa na 9.7

Septemba 2004 albamu yao Funeral ilipewa 9.7, na Merge, lebo ndogo ya North Carolina, ikajikuta inaishiwa mzigo. Hilo hakuna anayebisha, maksi iliwasha moto. Lakini kuni zilikuwepo, hawa watu wa Montreal walikuwa wanapiga shoo mpaka wanashuka jukwaani kuimba katikati ya watu, mwaka 2005 David Bowie akapanda kuimba nao na U2 wakawa wanatumia wimbo wao kuingilia jukwaani. Grammy ya albamu ya mwaka walibeba 2011, na sidhani kama mtu anaweza kuishi miaka saba kwa rivyuu moja.

Ambao hawakuwa na kuni ni bendi ya Black Kids wa Florida. Mwaka 2007 waliachia nyimbo nne bure mtandaoni, wakapewa 8.4, kila mtu akawataka. Mwaka uliofuata albamu kamili ikatoka, 3.3, na badala ya maelezo ikawekwa picha ya mbwa wawili na neno la kuomba radhi. Mwaka mmoja tu, aisee. Wanapandishwa na kushushwa na watu walewale.

Dhana: desimali maana yake walikuwa wanapima

Hamna mzani pale. Ni mtu ana maoni yake anakubaliana na wahariri wake. Ushahidi wanao wenyewe: Oktoba 2021 walichukua albamu 19 wakazipa maksi upya, Discovery ya Daft Punk ikatoka 6.4 ikawa 10, na ile ya Liz Phair ikatoka 0.0 mpaka 6.0. Aliyeiandika ile sifuri alishamuomba msamaha hadharani tangu 2019. Albamu ni ileile, hakuna aliyeirekodi upya.

Dhana: walijali magita ya vijana wa kizungu tu

Mwanzoni ni kweli, na lawama hiyo wanastahili. Ila kadiri muongo ulivyosogea hip hop iliingia, na 2010 rapa Kanye West akapata 10.0, albamu mpya ya kwanza kufika huko tangu ile ya bendi ya Wilco mwaka 2002. Na wasikilizaji haohao wa indie ndio waliowapokea Konono N°1, kundi la Kinshasa, albamu yao Congotronics ilipotolewa Ubelgiji. Wazee wale walikuwa wanapiga likembe (ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) kwenye vipaza sauti vilivyoundwa kwa sumaku za magari mabovu, sauti inakwaruza kuliko gita lolote la Brooklyn, na mwaka 2007 Björk, muimbaji wa Iceland, akawachukua kwenye wimbo wake. Redio gani ya kibiashara ya Marekani ingepiga ile kitu?

Dhana: walikufa kwa sababu walikosea sana

Walikosea ndio, ila kilichowaondolea nguvu ni kingine. Kati ya Napster ya 1999, iliyowafanya watu wagawane nyimbo bure mtandaoni, na Spotify, ya kusikiliza muziki mtandaoni, kuingia Marekani 2011 muziki ulikuwa mwingi kuliko muda wa kuusikiliza na hakukuwa na wa kukuchagulia, ndio pengo walilokaa. Januari 2024 Condé Nast waliisogeza Pitchfork chini ya GQ, jarida lao la wanaume, na wafanyakazi kadhaa wakapunguzwa. Kwa bendi changa, wakati huo kuingizwa kwenye pleilisti moja kubwa kulishakuwa na faida kuliko 8.4 ya Pitchfork.