Nishani ya babu: soma ukingo kabla ya kuing'arisha

Wanaotuletea nishani za babu zao hapa Mwanza huuliza kwanza bei. Sonara atawajibu haraka: ataipima fedha, ataiyeyusha, habari imeisha. Sisi wahifadhi wa makumbusho tunaanza na ukingo, ule upande mwembamba unaozunguka duara, kwani hapo ndipo Waingereza walipopiga chapa jina la mwenyewe.

Chukua Nishani ya Vita ya 1914 hadi 1920. Ni ya fedha, ina mpanda farasi upande mmoja na Mfalme George wa Tano upande wa pili. Ukiielekeza kwenye mwanga wa dirisha, ukingoni utasoma namba ya utumishi, jina, cheo na kikosi. Vita ya Pili ilileta mambo mengine. Zile nishani za umbo la nyota yenye ncha sita, ikiwemo Nyota ya Burma waliyopewa askari wengi wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza hapa Afrika Mashariki, Uingereza ilizitoa bila jina. Nyuma ni tupu. Nyota iliyotundikwa ukutani Magu au Ukerewe, ikitenganishwa na familia yake, inaweza kuwa ya mtu yeyote.

Mfano ninaopenda kuwapa watu, kuonyesha kwamba nishani peke yake haisimulii yote, ni wa nyambizi, ingawa ziwani kwetu hakuna. Tarehe 1 Juni 1939, nyambizi mpya ya Uingereza iitwayo Thetis ilikuwa ikifanyiwa majaribio katika ghuba ya Liverpool. Kila bomba la kurushia topido lilikuwa na kilango kidogo cha kukagulia: ukikifungua maji yakitoka, ujue bomba limejaa bahari, usiguse mlango wa ndani. Kwenye bomba moja tundu la kilango hicho lilikuwa limezibwa na rangi. Maji hayakutoka, mlango wa ndani ukafunguliwa, na kumbe wa nje ulikuwa wazi. Kati ya watu 103 waliokuwamo walinusurika 4. Mkia wa nyambizi ulionekana juu ya maji kwa saa kadhaa huku waliomo wakiishiwa hewa, tena katika kina ambacho hata ziwa letu, lenye mita 80 hivi pale linapozama zaidi, linakizidi.

Sasa fikiria nishani za waliokufa mle. Vita ilikuwa bado miezi mitatu, na kufa ajalini hakukuwa na nishani yake. Baharia mkongwe aliacha zile za Vita ya Kwanza, pengine na ya utumishi mrefu na tabia njema. Kijana aliyeajiriwa juzi hakuacha kitu cha kutundika. Mafundi raia wa kiwanda kilichoiunda, nao kazi hiyo haikuwapa nishani.

Nyambizi ile ile iliinuliwa, ikatengenezwa, ikapewa jina la Thunderbolt, ikaenda vitani. Tarehe 14 Machi 1943 meli ya Italia, Cicogna, iliizamisha karibu na Sicily na wote waliokuwamo wakafa. Familia zao zilikuwa na haki ya Nyota ya 1939-1945, na ya Afrika pia kwa waliopigana Bahari ya Mediterania. Lakini nyota hizo zilianza kutangazwa katikati ya 1943, kwa hiyo wenyewe hawakuziona kamwe. Chombo kimoja, vifo viwili, na ukiwekewa mezani nishani peke yake huwezi kujua nani alikufa wapi. Hata ile ya utumishi mrefu, yenye jina la meli ukingoni, hupotosha: mabaharia wa nyambizi waliandikwa kwenye daftari la meli mama, yaani meli kubwa iliyozihudumia nyambizi, au kituo chao, na jina hilo ndilo mara nyingi linalosomeka.

Afrika Mashariki haiko mbali na habari hizi. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa topido na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Nishani za hao hazitofautiani na za mwenzao aliyerudi nyumbani akalima pamba.

Ndiyo maana tunasisitiza karatasi. Cheti cha kuachishwa jeshi, barua ya serikali ya kutoa taarifa ya kifo, kijisanduku cha kadibodi kilicholeta nishani, hata bahasha: msitupe. Pigeni picha, chapisheni nakala, andikeni kwa penseli jina, kijiji na jina la baba.

Chuma chenyewe hakitaki mengi. Msisugue kwa jivu na limau wala kwa steel wool, maana herufi za ukingoni ndizo zinazolika kwanza. Weusi wa fedha hauna madhara, uacheni. Unga wa kijani kwenye shaba ndio wa kutuletea. Utepe usifuliwe, utachuja rangi. Fungeni kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila manukato, na raba za kufungia pesa zisikaribie kabisa, zina salfa.

Kama karatasi zimeshaliwa na mchwa, njoo na mzee anayekumbuka. Tutamrekodi yeye kwanza, nishani itasubiri.